Usianze na kufuli: kuandaa maeneo ya pamoja ya jengo kwa jirani mwenye ugonjwa wa ubongo

Mara nyingi jambo hili huifikia kamati ya wakazi kupitia tukio la usiku. Mkazi wa ghorofa ya tatu anasikia ufunguo ukikwaruza kwenye kitasa chake saa nane za usiku. Anafungua kwa hofu, na anayemkuta si mwizi. Ni mama wa ghorofa ya nne, amevaa nguo za kulalia, naye ndiye anayeuliza kwa ukali: "Wewe ni nani, na unafanya nini nyumbani kwangu?" Kufikia asubuhi habari imeenea jengo zima. Jioni kamati inakutana, na pendekezo la kwanza mezani ni kufuli.

Nimekaa kwenye kamati ya wakazi kwa miaka kadhaa. Pendekezo hilo nimelisikia zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza nililiunga mkono. Nilikosea. Mama yule hakuwa amezurura. Lifti ilisimama ghorofa ya tatu, milango ikafunguka, akaona vigae vilevile, ukuta wa rangi ileile, mlango uleule wa kahawia upande wa kushoto. Akatoka, kama ambavyo wengi wetu tumewahi kutoka. Sisi tukikosea hivyo tunatazama namba ya ghorofa, tunacheka, tunarudi kwenye lifti. Yeye ana ugonjwa wa Alzheimer, ambao huanza mapema kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya na ramani za mahali. Jengo lilimpa taarifa isiyo sahihi, naye hakuwa na njia ya kuisahihisha.

Ndiyo maana mwongozo huu haufuati orodha ya vifaa vya kununua. Unafuata njia ya mtu mmoja, kutoka mlangoni kwake hadi barabarani na kurudi.

Magonjwa hayafanani

Tunazungumzia magonjwa yanayoua seli za ubongo na neva polepole, kwa miaka. Dimensia, yaani kupungua kwa uwezo wa kukumbuka na kufikiri, peke yake iliwapata zaidi ya watu milioni 55 duniani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya hao. Ila kamati ikisikia "ugonjwa wa ubongo" huwaza usahaulifu tu, kisha hununua vibao vya kumwelekeza mtu ambaye akili yake ni nzima na shida yake ni miguu.

Mwenye Parkinson anaijua njia vizuri kabisa. Miguu ndiyo inayogoma. Sauti yake hupungua, uso wake hauonyeshi tabasamu hata akiwa na furaha, na majirani humdhania ana kiburi. Mwenye dimensia ya Lewy huona watu au wanyama wasiokuwepo, na hali yake inaweza kubadilika ndani ya siku moja, asubuhi mzima, jioni hajijui. Mwenye Huntington hutikiswa na miondoko asiyoitaka, akipita ukumbini watu hunong'ona kwamba amelewa. Mwenye ALS, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, hupoteza nguvu za mikono na miguu, mara nyingi akili ikiwa timamu: anakuona unavyohangaika na mlango, anajua ungefunguliwaje, ila kitasa cha duara hawezi kukizungusha. Kuna pia dimensia inayoshika sehemu za mbele na pembeni za ubongo, ambayo huwapata wengi kabla ya miaka 65. Huyu anaweza kukumbuka kila kitu ila akapoteza staha: akachukua gazeti la jirani, akasema neno la aibu kwenye lifti. Huyu ndiye anayeletewa malalamiko mengi kuliko wote, na ndiye anayeeleweka kidogo kuliko wote.

Hatua ya 1: Zungumza na mwenyewe kabla ya kuzungumza juu yake

Mtu mmoja wa kamati, si wajumbe watano, aende kumsalimu. Aende mchana, wakati mgonjwa ana nguvu. Familia inajua ni saa ngapi. Kwa mwenye Parkinson, saa hiyo hutegemea ratiba ya dawa, kwani dawa ikiisha nguvu mwili hukazana na maneno hayatoki. Swali la kuuliza si "unaumwa nini?" Ni hili: "Ukitoka hapa kwenda nje, wapi panakupa taabu?"

Mwenye dimensia naye aulizwe mwenyewe. Anaweza asikumbuke jana, lakini sehemu inayomtisha ndani ya jengo anaijua, na atakuonyesha kwa mwili wake kama si kwa maneno. Mtunzaji wake azungumze baada yake, si badala yake.

Jina la ugonjwa ni siri ya mwenyewe. Kwenye muhtasari wa kikao andikeni hitaji: "mkazi mmoja anahitaji mlango wa lifti ukae wazi kwa muda zaidi." Kundi la ujumbe la wakazi si mahali pa kutangaza vipimo vya mtu. Akiridhia majirani wajue, na wengi huridhia wakiona faida yake, basi maneno ayachague yeye au familia yake.

Hatua ya 2: Tembeeni njia yake, mara mbili

Mara ya kwanza iwe mchana, ya pili baada ya jua kuchwa. Hiyo ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye mengi. Watu wengi wenye Alzheimer huzidiwa na wasiwasi kuanzia alasiri hadi usiku, na saa hizohizo vivuli hurefuka na taa zenye kitambuzi cha mwendo huanza kuwaka na kuzimika.

Mwacheni atangulie. Mmoja wenu abaki nyuma kidogo na kuandika anaposimama, anaposhika ukuta, anapogeuka kuangalia kama mnamfuata. Kama hawezi kutembea nanyi siku hiyo, atembee mtunzaji anayemsindikiza kila siku. Beba futi ya kupimia, chaki, na karatasi za rangi zenye gundi. Hesabuni sekunde ambazo mlango wa lifti hubaki wazi, na sekunde ambazo taa za ngazi hukaa kabla ya kuzimika. Katika jengo letu taa za ngazi zilikuwa zinazimika kabla mzee hajamaliza ghorofa moja. Kwa miaka tulimwona mwoga wa ngazi, kumbe alikuwa anaachwa gizani kila siku.

Hatua ya 3: Mwanga na sakafu

Hapa ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni hubana na lenzi huwa ya njano. Juu ya hapo, ugonjwa wa ubongo huvuruga tafsiri ya kile kilichoonekana. Zulia jeusi mlangoni linaweza kuonekana kama shimo. Sakafu inayong'aa huonekana imelowa maji. Vigae vyenye madoadoa huonekana kama takataka, na mtu huinama kuokota, akaanguka.

Kwa hiyo anzeni na mwanga. Uwe mwingi na ulingane pote, bila sehemu yenye mwanga mkali ikifuatiwa na kona ya giza. Taa za ngazi na korido zipangwe upya zikae zikiwaka muda mrefu, au ziache kuzimika kabisa saa za jioni. Balbu za LED hazili umeme kiasi cha kuleta ugomvi kikaoni. Taa zinazopepesa zibadilishwe siku hiyohiyo.

Kisha sakafu. Kanuni ya kushika ni kwamba sakafu ikiwa sawa, rangi nayo iwe sawa; kimo kikibadilika, rangi nayo ibadilike, na ibadilike sana. Ondoeni zulia jeusi la mlango wa kuingilia, mweke la rangi inayokaribiana na sakafu, lililobanwa kingo zake. Ukanda wa mapambo uliokatisha ukumbi, ambao fundi aliuona unapendeza, kwa mwenye Alzheimer ni kidato cha ngazi. Atasimama mbele yake kama anayesimama ukingoni mwa mto. Lakini ukingo wa kila kidato halisi upakwe mstari wa rangi inayojitenga waziwazi, upana wa sentimita 5 hivi, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha mwisho. Nta ya kung'arisha sakafu iachwe. Hili litamsikitisha mtu wa usafi anayejivunia kazi yake, basi aelezwe sababu.

Sasa ndipo mahitaji hugongana, na nalisema mapema lisije kuwashtua. Mwenye Parkinson husaidiwa na mistari sakafuni: akiganda, yaani miguu ikigoma ghafla kuondoka, mstari wa kuvuka humpa mguu wake kitu cha kulenga, naye huondoka. Mwenye Alzheimer huuona mstari huohuo kama kizuizi. Jengo likiwa na wote wawili, msiamue kwa nadharia. Bandikeni utepe wa karatasi kwa wiki moja, pale tu ambapo mwenye Parkinson huganda, mkitenganisha mistari kwa urefu wa hatua yake, halafu mtazame mwingine anafanya nini. Ikishindikana, mistari iondolewe na mwenye Parkinson atumie fimbo inayomulika mstari mbele ya mguu; zipo.

Hatua ya 4: Mlango mkuu, lifti na ngazi

Kuganda kwa miguu hutokea mahali pembamba, penye kugeuka, na mtu anapohimizwa. Lifti ina vyote vitatu. Mlango ni mwembamba, ndani lazima ugeuke, na milango inataka kujifunga huku watu wakisubiri nyuma yako. Mwenye Parkinson akisimama pale kizingitini hajafanya makusudi, na kumvuta mkono ndiyo njia ya haraka ya kumwangusha.

Mwiteni fundi wa lifti aongeze muda wa milango kukaa wazi. Ni marekebisho ya dakika chache kwenye mfumo wa lifti. Akague pia kitambuzi cha mlango, na usawa wa lifti na sakafu inaposimama, maana tofauti ya sentimita moja na nusu yatosha kunasa mguu unaoburutwa. Vitufe viwe vikubwa, vyenye namba inayosomeka, na sauti itaje ghorofa. Kioo cha ndani ya lifti ni kitendawili. Mwenye dimensia anaweza kumwona mgeni anayemkodolea macho akakataa kuingia, ilhali mwenye kiti cha magurudumu hukitumia kutoka kinyumenyume. Amueni kwa kuangalia ni nani anaishi humo sasa. Karatasi ya ukungu inayobandikwa na kubanduka inatosha, hakuna haja ya kung'oa kioo.

Kuhusu mlango mkuu, namba za siri ni adui wa kumbukumbu. Ukizibadilisha kila mwezi umemfungia nje mtu ambaye ufunguo alioushika kwa miaka 30 bado mkono wake unaujua. Kwa mwenye kutetemeka, kadi ya kugusisha ni bora kuliko ufunguo. Kwa mwenye ALS, hata kadi yaweza kumshinda, na kitufe kikubwa kinachobonyezwa kwa kiwiko ndicho kitamfaa. Vitasa vya duara vitolewe, viwekwe vya mkono. Mlango mzito unaojifunga kwa nguvu ulegezwe ile mashine yake ya juu, ila mlango wa kuzuia moto usiguswe bila fundi anayehusika. Simu ya mlangoni iongezwe sauti, na mlinzi ajue kwamba anayenong'ona huenda hanong'oni kwa kupenda.

Reli ya kushikia iwe pande zote mbili za ngazi, kimo cha sentimita 85 hadi 95, ya mviringo unaojaa kiganjani, nayo iendelee sentimita 30 hivi kupita kidato cha mwisho. Upande mmoja hautoshi: mgonjwa wa Parkinson mara nyingi ana upande mmoja wa mwili dhaifu zaidi, na reli inayomfaa akipanda humkosa akishuka. Mteremko wa kiti cha magurudumu usizidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu. Na wekeni kiti. Kiti kimoja mbele ya lifti kila ghorofa inapowezekana, chenye mikono ya kuegemea na kimo cha sentimita 45 hadi 50, kwa sababu shinikizo la damu la wagonjwa wengi wa Parkinson hushuka ghafla wanaposimama, na mtu mwenye kizunguzungu asipopata kiti atakaa chini. Watu watalalamika kwamba kiti kinaharibu mandhari. Baada ya mwezi utawakuta wao ndio wamekikalia.

Hatua ya 5: Ghorofa yake ijitofautishe

Turudi kwa mama wa ghorofa ya nne. Dawa yake ilikuwa picha kubwa ya boti, iliyotundikwa mbele ya mlango wa lifti, mahali jicho hugota milango inapofunguka. Kila ghorofa ikapewa yake: boti, mti, ndege, saa ya ukutani. Rangi peke yake haitoshi. Rangi za buluu na kijani huchanganyikana kwenye jicho la mzee, na tena hakuna anayesema "nakaa ghorofa ya kijani", lakini "nakaa kwenye boti" mtu atasema, na mjukuu wake atasema, na mlinzi atasema.

Mlangoni kwake pawekwe kitu alichokichagua mwenyewe. Namba ya mlango iwe kubwa, yenye rangi inayojitenga na mlango, si dhahabu juu ya kahawia kama tulivyozoea. Vibao vya kuelekeza viwe na maneno na picha pamoja, viwekwe chini kuliko desturi, karibu na usawa wa macho ya mtu anayetembea ameinama, na viwepo kila mahali ambapo njia hugawanyika. Kibao cha mlango kibandikwe kwenye mlango wenyewe. Kikiwa ukutani pembeni, kwa mwenye dimensia kinauhusu ukuta.

Onyo moja: jengo likipakwa rangi upya au ukumbi ukipangwa upya, anayeishi kwa mazoea hupotea hata mahali alipopazoea. Fanyeni sehemu kwa sehemu, na ile picha isiondoke hata siku moja.

Hatua ya 6: Milango isiyomhusu

Chumba cha umeme, cha pampu, cha takataka, mlango wa paa: hivi vifungwe kwa ufunguo kwa ajili ya watu wote, na vipakwe rangi ileile ya ukuta, kitasa na fremu pamoja. Mlango usioonekana hauvutii. Bwawa la kuogelea liwe na uzio na geti linalojifunga lenyewe. Hapo sina mjadala na mtu.

Mlango wa dharura usifichwe wala kufungwa kwa kufuli, hata familia yenyewe ikiomba. Kama hofu ni kwamba mtu atatokea huko usiku, wekeni kengele inayolia kwa mlinzi mlango ukifunguliwa. Kumfungia mtu ndani ya nyumba yake peke yake ni hatari kubwa moto ukizuka, na ni kumnyima uhuru. Kamati haina mamlaka ya kumfanyia hivyo mkazi yeyote.

Hatua ya 7: Walinzi, wasafishaji na majirani

Mlinzi mmoja aliyefundishwa dakika 20 anashinda kamera kumi. Afundishwe hivi: aje kwa mbele ili aonekane, ajitambulishe, aseme sentensi fupi moja, asubiri. Asibishane. Mzee akisema anakwenda kazini, naye amestaafu miaka mingi, kumwambia "umestaafu, Mzee" ni kumpa habari ya aibu mbele za watu, na dakika tano baadaye atakuwa ameisahau habari na kubaki na aibu.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ni Juma, mlinzi."
"Marahaba. Nifungulie, nachelewa kazini."
"Kazini unafanya kazi gani, Mzee?"
"Fundi wa mitambo."
"Basi kaa kidogo hapa unieleze, namwita Mama aje muondoke pamoja."

Hakuna uongo mkubwa hapo, na hakuna ubishi. Kwa aliyeganda miguu, maneno ni tofauti: "Hakuna haraka, Mzee." Halafu kimya. Ikibidi, weka mguu wako wenyewe mbele ya wake auvuke, au mhesabie: moja, mbili, tatu. Wanaosubiri lifti wapande zamu inayofuata.

Majirani nao wanahitaji kuelezwa mambo mawili ambayo huzaa ugomvi. La kwanza ni kelele za usiku. Watu wengi wenye Parkinson au dimensia ya Lewy hutenda ndoto zao: hupiga kelele, hupiga mateke, wangali usingizini. Jirani wa chini akisikia anadhani mtu anapigwa. Asipuuze, ila abishe hodi au ampigie mtunzaji kwanza kabla ya kusambaza uvumi. La pili ni maji. Bomba lililosahauliwa wazi hushusha maji ghorofa mbili chini, na hapo ndipo huruma huisha. Familia ishauriwe kuweka koki inayojifunga maji yakivuja na kifaa cha kukata gesi, na mlinzi ajue ilipo koki kuu ya kila ghorofa. Gharama hiyo ni ndogo kuliko dari moja.

Hatua ya 8: Akitoweka

Mpango uandikwe kabla, ukurasa mmoja, uwe kwa mlinzi. Uwe na picha ya karibuni, jina analoitikia, namba mbili za simu, na mahali alipowahi kuishi au kufanya kazi, kwa kuwa wengi huelekea huko.

Akikosekana, msiende barabarani wote. Mmoja asimame mlango mkuu. Mmoja aende bwawani kwanza, kama lipo, hata kama familia inaapa kwamba hapendi maji. Wengine wapekue jengo kutoka chini kwenda juu: maegesho, ndani ya magari yasiyofungwa, nyuma ya ngazi, chumba cha takataka, chumba cha kufulia, paa. Tazameni kwa macho, msitegemee kuita, kwani anaweza kuwa amejikunyata hatua tatu kutoka kwenu na asiitike. Polisi wapigiwe mapema, ndani ya dakika 15 kama hajaonekana. Ile dhana ya kusubiri saa 24 haina msingi kwa mtu wa namna hii.

Akirudi, asihojiwe ukumbini. Maji ya kunywa, kiti, na watu wachache. Kesho yake kamati iulize alitokea wapi na alikuwa anatafuta nini. Kuna mzee aliyekuwa akishuka kila alfajiri, ikaja kubainika anatafuta choo, na mlango wa choo chake ulikuwa rangi moja na ukuta.

Hatua ya 9: Moto

King'ora kikilia, mwenye dimensia anaweza kujificha, kurudi kitandani, au kuelekea kwenye lifti kwa sababu ndiyo njia anayoijua. Mwenye Parkinson anaweza kuganda papo hapo. Kila mmoja wao awe na majirani wawili waliokubali kumgongea, wa ghorofa yake, si wa mbali. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa safarini. Mlinzi awe na orodha ya vyumba vinavyohitaji msaada, iliyotolewa kwa ridhaa na kuwekwa mahali zimamoto wataipata. Kama mmenunua kiti cha kushushia mtu kwenye ngazi, kifanyieni mazoezi na mtu mzima ndani yake. Kilichokaa kwenye mfuko wake tangu kununuliwa hakitamshusha mtu. Na mazoezi ya moto familia ijulishwe mapema, ili mgonjwa asitishwe bure.

Hatua ya 10: Kikao na pesa

Pelekeni kikaoni mambo ya bei nafuu kwanza: taa, muda wa lifti, mistari ya vidato, zulia, picha za ghorofa. Hayo kwa kawaida huingia kwenye fungu la matengenezo bila kupigiwa kura kubwa. Reli, mteremko na mlango unaofunguka wenyewe viwe awamu ya pili, vikiambatana na makadirio ya mafundi wawili au watatu.

Someni sheria ya nchi yenu kabla ya kikao, si baada ya mtu kutishia kwenda mahakamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unataja makazi miongoni mwa maeneo yanayopaswa kufikika. Nchi kadhaa zimeligusa jengo la wamiliki wengi moja kwa moja. Hispania hulazimisha jengo kufanya marekebisho yakiombwa kwa ajili ya mkazi mwenye ulemavu au mwenye zaidi ya miaka 70, mradi gharama ya mwaka, ikiondolewa ruzuku, isizidi michango ya kawaida ya miezi 12. Italia, kwa sheria namba 13 ya mwaka 1989, inamruhusu mwenye ulemavu kuweka kiti cha kupandia ngazi kwa gharama yake wenzake wakikataa. Marekani, tangu 1988, mwenye nyumba hawezi kumzuia mpangaji mwenye ulemavu kufanya marekebisho ya busara kwa pesa yake, hata kwenye maeneo ya pamoja.

Atakuwepo wa kusema, "Kwa nini tulipe wote kwa ajili ya mmoja?" Msimjibu kwa hotuba. Mwombeni apande ngazi za jengo saa moja usiku akiwa amebeba mtoto, asubiri taa izimike. Sisi tulifanya hivyo, na kura ilipita.

Hatua ya 11: Rudieni baada ya miezi sita

Magonjwa haya husonga mbele. Aliyekuwa anasoma kibao mwaka jana leo anafuata picha tu. Aliyetembea na fimbo leo ana kiti cha magurudumu, na upana wa mlango ambao haukuwa na maana sasa unahitaji kufika walau sentimita 80. Wekeni tarehe ya matembezi mengine, tena mchana na jioni, na karatasi zilezile za mara ya kwanza mkononi. Futeni kilichokwisha kazi, ongezeni kilichojitokeza. Familia ikihama au mgonjwa akifariki, waulizeni kama wangependa kile kitu cha mlangoni wakichukue. Reli, taa na viti vibaki vilipo. Boti ya ghorofa ya nne bado ipo. Wiki iliyopita nilimsikia kijana wa kuleta mizigo akielekezwa na mlinzi: panda mpaka kwenye boti, mlango wa kushoto.